Jina la Wangari Halina Ujinga

Nakumbuka siku nyanya yangu alipoisukuma chai ya mama yangu, akakataa hata kuionja. Nakuanzia hapo, mwanangu, kwa sababu najua kilichokutoa Ruiru mpaka hapa kibandani kwangu sokoni Thika. Tangu Jumapili unajiuliza kwa nini niliiacha chai yako ikapoa mezani, ikafanya utando, nami nikaaga mapema. Najua ulimwuliza Kimani, "Mama yako ana nini?" naye akakujibu ni uzee. Kimani ni mwanangu wa kumzaa na nampenda, lakini hapo amekudanganya. Miguu ndiyo imezeeka. Masikio bado ni mazima, na nilisikia ulichosema.

Ulisema mbele ya wageni, tena kwa kucheka, "Huyu Wangari wetu ameshika jina la shosho yake, akashika na kichwa chake kisichoingia kitabu." Watu wakacheka. Mimi nikamtazama mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa anapitisha sahani ya mandazi. Hakucheka na hakulia. Aliweka sahani mezani polepole, akaingia jikoni, na wageni wakala mandazi bila kujua kwamba kuna mtu ameumizwa hapo. Chai ilinishinda kuanzia hapo.

Sikukukaripia. Mkaza mwana hakaripiwi mbele ya watu, na tena wewe si mtu mbaya. Umekuja mwenyewe kuniuliza, wengine wangenuna mpaka Krismasi. Hiyo chupa ya chai uliyoibeba iweke hapo chini, kando ya cherehani. Tutaifikia. Sogeza hizo sare ukae.

Wewe umetoka Kakamega, na hata kwenu majina ya wazee hayatupwi. Lakini sisi watu wa huku tumezidi. Kwetu mtoto hapewi jina kwa kupenda, anamrudisha mtu. Mimi nilikuwa binti wa pili, kwa hivyo nikaitwa jina la mama wa mama yangu, Wangari wa Gatuanyaga. Tulimwita Cucu, ndiyo nyinyi siku hizi mnasema shosho. Na kwa kuwa nilikuwa mama yake aliyerudi mdogo, mama hakuniita Wangari hata kidogo. Aliniita "maitu", yaani mama yangu. Alikuwa akinifunga mgongoni huku akinitania, "Maitu, wewe ulinibeba mimi, sasa zamu yangu." Mimi niliamini kabisa kwamba niliwahi kumbeba.

Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, upande wa Ruiru. Baba na mama walichuma kahawa, na msimu ukikolea hata sisi watoto tulichuma. Kwenye kuchuma hakuna aliyenishinda. Kwenye kuimba hakuna aliyenishinda. Kisha nikapelekwa shule.

Ndugu zangu walishika herufi kama watoto wanavyoshika mafua, bila hata kujaribu. Mimi nilizitazama mpaka macho yakatoa machozi. Neno nililolijua mstari wa juu, nikishuka mstari wa chini nalikuta geni, kama sijawahi kukutana nalo. Mwalimu alidhani namfanyia mzaha. "Sasa hivi umelisoma, na sasa hulijui?" Fimbo. Basi nikajitafutia ujanja. Nilisikiliza wenzangu wakisoma, nikashika maneno yote kichwani, na zamu yangu ikifika nikayatoa moja baada ya lingine bila kukosea, kidole kikitembea juu ya kitabu kama cha msomi. Nilipita hivyo muda mrefu. Siku moja mwalimu akafunua ukurasa mwingine, na mimi kwa woga nikaendelea kusema ule wa jana. Darasa lilicheka mpaka la jirani likachungulia. Mwalimu akanituma nyumbani nikawaambie wazazi wangu wasinipotezee wakati, kahawa inanisubiri.

Siku hiyo mama hakunichapa. Alifanya jambo lililoniuma kuliko fimbo: aliacha kuniita maitu.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo wewe na yeye mmekutana. Wanawake wa pale laini walimpa mama maelezo, nayo yakamtuliza. Walimwambia, mtoto umemwita jina la mama yako asiyejua a wala be, ulitarajia nini? Jina limekuja na mzigo wake. Hilo ni kosa ambalo sisi tu tunaweza kulifanya, sisi watu wa kurudisha majina. Ukishapewa jibu kama hilo hutafuti tena. Humwulizi mwalimu mwingine, humpeleki mtoto akaangaliwe macho, huulizi jirani ana mtoto kama huyo au la. Kwa nini uulize, na jibu liko kwenye jina? Ikaamuliwa kwamba shule ikifungwa niende Nairobi kwa shangazi, nikamlelee mtoto wake. Shule basi. Umri wangu ulikuwa kama wa huyu wako.

Ndipo Cucu akaja. Hakuitwa na mtu. Alikuja na kiondo cha mbaazi mbichi kutusalimia, vumbi la Gatuanyaga limempanda mpaka magotini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache. Mama akamwekea chai, maziwa mengi, kama mtu anavyomwekea mama yake. Wakazungumza habari za mbuzi na mvua. Kisha mama, kwa kucheka tu kama wewe Jumapili, akasema, "Huyu wako amekushika kabisa. Hata kusoma amekataa kama wewe. Wangari ni mjinga, nampeleka akalee mtoto."

Cucu alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha chini bila kunywa, akakisukuma.

Haiya! Mama yako akatae chai nyumbani mwako! Mama alisimama wima. "Mama, ni nini? Ina moshi?"

"Umesema nani ni mjinga?"

"Ni mzaha tu, mama."

"Nani? Wangari yupi?"

Mimi nilikuwa mlangoni, nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu nilijua ugomvi huo ni wangu.

"Hapa kuna Wangari wawili," Cucu akasema. Hakupaza sauti. "Ukiita Wangari mjinga, sisi wote wawili tunaitika. Mimi sikukataa kusoma, mwanangu. Nilinyimwa. Kaka zangu walipewa slate, vibao vya kuandikia, mimi nikapewa ndama niwachunge. Kama kichwa changu kingeweza vitabu au kisingeweza, mimi sijui, kwa maana hakuna aliyenipa kitabu akaona. Sasa unachukua mambo niliyofanyiwa mimi unamvisha mtoto, unasema ni jina. Jina langu nililipokea kwa mtu safi na nililileta kwenu likiwa safi. Halina ujinga ndani yake."

Mama akaanza kulia. "Sasa nifanye nini, mama? Watoto wa wenzangu wanasoma. Mimi nimechoka kuaibika."

"Kumbe kinachokuuma ni aibu," Cucu akasema. "Nilidhani ni mtoto."

Neno hilo lilikuwa kali, na nadhani Cucu mwenyewe aliliona kali, maana alinyoosha mkono akamshika mama bega. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mimi dawa yake siijui. Lakini kuuliza si ujinga. Nitauliza mpaka nimpate anayejua."

Akanichukua nikaenda kukaa naye Gatuanyaga. Na kweli aliuliza, mwanangu! Aliniuliza mimi kwanza kama macho yananiuma. Kisha tukaenda kwenye zahanati, wakaniangalia macho na masikio, wakasema ni mazima. Akaenda shule ya karibu, mwalimu wa kwanza akamjibu kwamba darasa limejaa. Akamshukuru akaenda nyingine. Wengine walimcheka, bibi kizee asiyejua kusoma anazunguka kutafuta mtu wa kumsomesha mjukuu asiyeweza kusoma. Aliwaacha wacheke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwishowe tulimpata Mwalimu Peninah, mke wa mchungaji, aliyekuwa akifundisha watoto wa darasa la kwanza. Huyo hakunipa kitabu. Aliniuliza, "Ukitazama ukurasa, inakuwaje?" Mwanangu, katika maisha yangu yote hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Walikuwa wakiniuliza kwa nini sisomi, kana kwamba ninajua. Nikamweleza habari ya neno ninalolijua juu nikalipoteza chini. Akatikisa kichwa, akamwambia Cucu, "Huyu si mvivu. Huyu anafanya kazi kuliko darasa zima, na bado anafika nyuma yao. Nimewahi kuwa na mwingine kama yeye. Mlete jioni, masomo yakiisha."

Akachukua uteo, ule ungo wa kupepetea nafaka, akaumwagia mchanga laini, akaniambia niandike kwa kidole huku nikitamka sauti. Sauti moja tu, mpaka kidole, mdomo na sikio vimeelewana, ndipo ya pili. Nikikosea, anatikisa uteo, kosa linafutika, hakuna alama nyekundu iliyobaki kunitazama. Tulikwenda polepole sana. Kawia ufike, wahenga walisema. Cucu alikaa kando akimenya mbaazi, midomo yake nayo ikitamka zile sauti kichinichini, akidhani hatumsikii.

Neno la kwanza zima nililoliandika bila kukosea lilikuwa Wangari. Cucu akaweka mbaazi chini akasogea. Akatazama mchanga muda mrefu. "Hilo ni jina lako au langu?" akaniuliza.

Mwalimu Peninah akasema, "Ni lenu." Cucu akatema mate kidogo kifuani mwangu, ile baraka ya wazee wetu, kisha akageuka upande wa mbuzi kwa sababu hakutaka nimwone akilia. Nilimwona.

Sitakudanganya kwamba nilipona. Si ugonjwa wa kupona. Nilimaliza darasa la saba nikiwa mkubwa kuliko wenzangu, nikaenda chuo cha ufundi, nikajifunza kushona, na hii cherehani ndiyo imemsomesha mume wako. Mpaka leo nasoma kwa kidole. Kanisani wakisema tufungue Zaburi, watu wanafika Amina mimi bado natafuta. Lakini ninafika. Na mama yangu alikuja Gatuanyaga siku moja, akanikuta nimeinama juu ya uteo, akasema tu, "Maitu, njoo ule." Niliposikia neno lile nililia kama mtoto mchanga.

Sasa turudi kwa Wangari wetu. Kimani ameniambia mpango wa Januari, kwamba mnataka kumpeleka shule ya bweni, ile inayosifiwa kwa kunyoosha watoto. Mumnyooshe nini? Mimi nashona sare miaka na miaka. Mtoto akivaa sare niliyomshonea ikambana, sijawahi kuushika mwili wake nikaulaumu. Nafumua, napima tena, nashona upya. Ni nguo ndiyo inayofuata mtoto. Ukimpeleka huko mbali sasa hivi, mahali ambapo hakuna anayejua shida yake, atajifunza jambo moja tu, nalo ni kujificha. Atashika kurasa kichwani kama mimi, na siku watakayofunua ukurasa mwingine hutakuwepo umshike mkono.

Hapa kibandani napima watoto wa kila aina, na mama zao husema mbele yao kama vile watoto hawana masikio. Huyu kichwa ngumu. Huyu anaandika kinyumenyume. Huyu ni mwerevu wa mdomo, kalamu hapana. Zamani nilinyamaza. Siku hizi siwezi. Nawaambia, jambo hilo lina jina, linaitwa disleksia, na mtoto wako si wa kwanza. Mmoja wa hao akina mama alinirudia akaniambia kwamba hapa Thika kuna kituo ambapo watoto wanapimwa namna wanavyojifunza, na ofisi ya elimu wanakuelekeza. Akaniambia pia kwamba wakishaandika walichokiona, mwalimu anaweza kumwongezea mtoto muda kwenye mtihani, na kumwuliza mengine kwa mdomo. Ngai, Mungu wangu! Nilifikiria Mwalimu Peninah na uteo wake, peke yake bila msaada wa mtu, na leo nyinyi mna mlango wa kubisha.

Basi ubishe, mwanangu. Anza na mtoto mwenyewe, umwulize inakuwaje, kisha unyamaze umsikilize. Macho na masikio yaangaliwe, ili hilo liondoke njiani. Nenda kwa mwalimu wake, lakini usiende kwa vita; wana watoto wengi na wengine hawakufundishwa jambo hili. Mwambie unataka msaada, si lawama. Akikwambia hawezi, mwulize ni nani anayeweza. Tafuta wazazi wenzako hapo Ruiru, hawakosi, wamejificha tu kwa aibu kama mama alivyojificha. Mkono mmoja haulei mwana. Ombeni, na mimi naomba, lakini usiruhusu mtu amwombee kama aliyeingiwa na pepo. Jioni msomee wewe kwa sauti, hadithi zimwingie kwa masikio wakati macho yanajifunza njia yake. Na vile anavyochora! Umeona alivyomchora yule mbwa wa jirani? Mbandikie ukutani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwambie Kimani naye aache kukaa kimya kama mgeni nyumbani mwake, hilo ni neno langu kwake na umfikishie kama lilivyo.

Lakini mbele ya hayo yote kuna jambo la kwanza. Jumapili, nilipokuacha sebuleni na wageni, nilimfuata Wangari jikoni. Alikuwa anaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Akaniuliza bila kugeuka, "Shosho, ni wewe ulinipa hii kitu?"

Niambie wewe ungemjibu nini. Mimi nilishika meza. Nikamwambia ukweli, kwa sababu mtoto akishauliza hivyo amekwisha kulala na swali hilo siku nyingi. Nilimwambia, "Jina langu halikukupa. Damu yangu, labda. Wanasema inatembea kwenye damu. Kama ni mimi, basi mimi ndiye ninayeijua njia yake, na nitakwenda nawe."

Kisha akaniuliza, "Na wewe uliacha kuogopa lini? Ulipojua kusoma?"

Nikafikiri, mwanangu. Nikaona hapana. Nilipoandika jina langu kwenye mchanga, woga ulikuwa umeshaondoka zamani. Nikamwambia, "Niliacha kuogopa siku Cucu wangu alipokataa chai."

Hakuelewa. Ndiyo maana nilitoka jikoni, nikapita mbele ya kile kikombe chako, nikakiacha hapo. Nilitaka siku moja aulize, na wewe uwe na la kumweleza.

Usilie juu ya hizo sare, ni za watu. Futa uso. Cucu alimwambia mama neno kali kisha akamshika bega. Nami nimekuambia, na mkono wangu huu hapa. Jumanne nafunga kibanda. Mlete Wangari asubuhi tubishe mlango wa kile kituo sote watatu, na huko nyumbani leo, kabla hujavua viatu, mwite mtoto jina lake lote, taratibu, kama mtu anayeita mtu mzima.

Mungu awape macho ya kumwona mtoto mliyepewa, si yule mliyemtarajia. Awaondolee aibu vifuani, awape ulimi wa kuuliza na miguu isiyochoka kuzunguka. Wangari wa Gatuanyaga amelala salama. Wangari wa Thika bado yupo. Na Wangari wa Ruiru, Mungu amfikishe mbali kuliko sisi wote wawili, kwa mwendo wake mwenyewe.

Sasa mimina hiyo chai, mwanangu. Ninywe.